Kusajili replika na gari la kujiundia Marekani: mwongozo kamili, kuanzia risiti ya kwanza

Mwenzangu mmoja aliunda replika, yaani gari jipya lenye umbo la gari la zamani, gerejini kwake kwa miaka miwili na nusu, jioni baada ya kazi na Jumamosi kutwa. Ilikuwa ya Cobra, gari la michezo la Carroll Shelby la miaka ya sitini lenye injini ya Ford. Siku aliyoipeleka kukaguliwa, mkaguzi hakufungua hata boneti. Aliomba risiti ya injini. Injini ile ilinunuliwa kwa fedha taslimu kwa mtu waliyekutana naye kwenye maegesho ya duka, bila karatasi yoyote. Gari likapakiwa tena kwenye trela, likalala miezi saba hadi muuzaji alipopatikana akaandika hati ya mauziano. Tangu hapo kila anayeniuliza habari za magari haya namwambia: makaratasi kwanza, bolti baadaye.

Nawaandikia ndugu zetu walioko Marekani wanaotamani kuunda gari lao wenyewe, au kununua lililokwisha kuundwa na mwingine. Kule kwetu gari lina kadi (Kenya wataita logibuku), na kila mkoa hauna sheria yake. Marekani usajili ni kazi ya kila jimbo. Gari lile lile, lenye fremu ile ile na injini ile ile, laweza kuandikwa mwaka 1965 upande mmoja wa mpaka na mwaka huu upande wa pili. Serikali kuu ya Washington husimamia viwanda na usalama wa vipuri. Namba na hati ya umiliki hutoka kwa jimbo unaloishi.

Hatua ya kwanza: ujue unasajili gari la aina gani

Watu husema "replika" wakimaanisha vitu vinne tofauti, na ofisini kila kimoja kina mlango wake.

Cha kwanza ni bodi mpya juu ya chesisi ya gari la zamani. Mfano maarufu ni Meyers Manx, gari la mchangani ambalo Bruce Meyers alilibuni California mwaka 1964: bodi ya faiba inayokalia sakafu ya Volkswagen Beetle. Hapo namba ya chesisi ni ile ya Beetle, na ukiwa na hati halali ya Beetle hiyo umeshavuka nusu ya safari. Lakini usidhani hati ile inatosha yenyewe. Majimbo mengi yatataka rekodi ibadilishwe ionyeshe kwamba gari limeundwa upya, kwa sababu linaloonekana barabarani si tena lile lililoandikwa.

Cha pili ni seti yenye fremu mpya kabisa. Hizi ndizo nyingi siku hizi. Kampuni ya Factory Five Racing ya Wareham, Massachusetts, imekuwa ikiziuza tangu miaka ya tisini, hasa zile za umbo la Cobra. Unapata fremu, bodi na makasha ya vipuri. Injini, giaboksi na mara nyingine ekseli unajitafutia. Pamoja na seti mtengenezaji hutoa cheti cha asili ambacho wenyewe hukiita MSO. Karatasi hiyo ni sawa na cheti cha kuzaliwa. Usiruhusu seti ishushwe kwenye lori kabla hujajua cheti kiko wapi, na ukinunua seti iliyoachwa nusu na mtu mwingine, hakikisha amekisaini nyuma kukuhamishia wewe.

Cha tatu ni gari lililokamilika ila halina injini wala giaboksi. Hapa Afrika inaingia, na wengi hawajui: magari ya Superformance huundwa Port Elizabeth, mji wa Afrika Kusini ambao sasa unaitwa Gqeberha, na ya Backdraft hutoka Durban. Yakifika Marekani muuzaji au mnunuzi huweka injini. Kwa jimbo, mara nyingi nayo huhesabiwa kuwa magari ya kujiundia, na utahitaji cheti cha asili cha gari pamoja na karatasi ya injini, kila moja peke yake.

Cha nne ni replika inayouzwa ikiwa imekamilika, injini na yote, nacho kilizaliwa na sheria ya Desemba 2015 inayowaruhusu watengenezaji wadogo, wale ambao hawazidishi magari 5,000 kwa mwaka duniani kote, kuuza replika zilizokamilika hadi 325 kwa mwaka nchini Marekani. Umbo lazima lifanane na gari lililotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita, na injini iwe imeidhinishwa kwa upande wa moshi. Wakala wa usalama barabarani, NHTSA, ulichelewa kuandika kanuni hadi chama cha wafanyabiashara wa vipuri, SEMA, kikaushtaki mwaka 2019. Kanuni zilichapishwa rasmi Machi 2022. Gari la namna hii huja na namba ya tarakimu na herufi 17 kama gari jingine jipya. Ukiwa na pesa lakini huna muda wala spana, njia hii ina maumivu machache.

Hatua ya pili: swali la mwaka

Hapa ndipo majimbo yanapoachana, na hapa ndipo watu wanapojiharibia. Gari lililoundwa mwaka huu kwa umbo la Cobra ya 1965 ni la mwaka gani?

Yapo majimbo yanayojibu kwamba ni la mwaka ambao bodi inafanana nao. Mengi ya hayo yamefuata mfano wa sheria ulioandikwa na SEMA na kupitishwa, kwa marekebisho ya hapa na pale, katika majimbo zaidi ya 20. Mfano huo hugawa magari mafungu mawili: yaliyo ya kabla ya 1949 au yanayofanana nayo, na yaliyo ya baada ya 1948 yenye umri wa miaka 25 au zaidi, au yanayofanana nayo. Faida yake ni kubwa. Gari hupimwa taa na vifaa kwa kipimo cha mwaka ule, na mara nyingi husamehewa kipimo cha moshi. Gharama yake ni kwamba unasaini kuwa gari ni la matembezi ya hapa na pale, maonyesho na shughuli za klabu, si la kwendea kazini kila siku. Soma sharti hilo vizuri kabla ya kusaini.

Majimbo mengine hujibu kwamba ni la mwaka uliolimaliza. Hapo injini nayo huangaliwa kwa macho ya leo, na kama eneo lako lina kipimo cha moshi, kabureta ya zamani inaweza kukuzuia kabisa. Lipo na jibu la tatu, la wale wa chesisi ya zamani: mwaka wa hati ya awali.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza injini, tafuta jibu la jimbo lako kwa maandishi. Piga simu, kisha omba barua pepe au nakala ya fomu. Makarani wa kaunta wengi hawajawahi kuona gari la namna hii, na jibu la mdomo halina mtetezi.

Na nisisitize jambo hili bila kumung'unya: usiandike kwamba gari ni "Ford 1965" au "Shelby 1965" kana kwamba lilitoka kiwandani mwaka ule. Kuna wauzaji wanaokupa hati ya gari lililokufa ili uibandike kwenye fremu mpya. Hiyo ni udanganyifu wa hati. Kuhamisha au kufuta namba ya chesisi ni kosa la jinai la serikali kuu, na gari laweza kuchukuliwa hata kama wewe ni mnunuzi wa tatu usiyejua kitu. Sheria zenyewe zimeweka njia halali ya kupata mwaka 1965; tumia hiyo.

Hatua ya tatu: kasha la karatasi

Nunua kasha lisiloingia maji siku unayolipa amana ya seti. Ndani yake weka cheti cha asili, ankara ya seti, na risiti ya kila kipuri kikubwa: injini, giaboksi, ekseli, fremu, bodi. Risiti nzuri ina jina na anwani ya muuzaji, jina lako, tarehe, bei, na namba ya kipuri. Injini iliyotumika inataka hati ya mauziano yenye namba ya injini pamoja na namba ya chesisi ya gari ilikotoka. Ukinunua gari zima la kuchinja vipuri, chukua hati yake na uangalie kama imepigwa muhuri wa ajali. Hati ya gari lililotangazwa kuwa halifai kurudi barabarani haitakusaidia kusajili, ila inathibitisha kwamba vipuri si vya wizi, na hilo ndilo polisi wanalotaka kujua.

Piga picha kila hatua. Picha ya fremu tupu yenye namba inayosomeka, picha ya injini ikishuka, picha ya gari mbele, nyuma na ubavuni likiwa limekamilika. Tunza pia uthibitisho wa kodi ya mauzo uliyolipa kwenye vipuri, maana majimbo mengi yatakudai kodi siku ya usajili na anayeonyesha kwamba ameshalipa hupunguziwa.

Hatua ya nne: njia ya jimbo lako

California ndiyo inayotisha watu, na pia ndiyo iliyo na njia iliyoandikwa vizuri kuliko nyingi. Gari la kujiundia huitwa huko kwa kifupisho SPCNS, yaani gari lililoundwa kwa namna ya pekee. Sheria inayojulikana kama SB 100 inatoa namba za foleni 500 kwa kila mwaka wa kalenda. Mwenye namba hiyo ana haki ya kuchagua mwaka wa gari lake kwa upande wa moshi, ama kwa umbo la bodi ama kwa aina ya injini. Bodi isiyofanana na gari lolote lililowahi kutoka kiwandani hupewa mwaka 1960. Kwa kuwa California haipimi moshi magari ya 1975 kurudi nyuma, Cobra iliyopewa 1965 inaondokana na kipimo cha kila miaka miwili.

Mwendo wake ni huu. Gari likiwa tayari, unakwenda idara ya magari, DMV, na fomu REG 343 ya maombi ya usajili na fomu REG 5036 ambayo ni tamko la ujenzi: nani aliunda, kwa vipuri gani, kwa thamani gani. Thamani hiyo usiikisie kiholela, kwa sababu ada na kodi hufuata humo. Unalipa, unaomba namba ya foleni. Namba 500 zimewahi kuisha mapema Januari, kwa hiyo mwenye gari lililokamilika Novemba ni heri asubiri, aandae kila karatasi, awe mlangoni siku ya kwanza ya kazi ya mwaka mpya. Ukiwahi kusajili gari bila kuomba namba hiyo, utakuwa umejiweka kwenye fungu la moshi la mwaka wa leo.

Baada ya hapo unakwenda kwa askari wa barabara kuu, CHP, ambao huchunguza namba za vipuri na kuligawia gari namba ya chesisi ya jimbo pale inapohitajika. Kisha unakwenda kwa mwamuzi wa idara ya ukarabati wa magari, BAR, anayethibitisha mwaka na kubandika lebo ndani ya gari. Utahitaji pia cheti cha usalama wa breki na taa kutoka kituo chenye leseni. Mfumo wake ulibadilishwa mwaka 2024, hivyo maelezo ya zamani mtandaoni yanayotaja vyeti viwili, cha breki na cha taa, yamepitwa na wakati. Ukiwa na vyote unarudi DMV kumalizia. Panga miadi ya CHP mapema, maana huwezi kuiharakisha.

Na mabomba ya moshi ya ubavuni, yale yanayopendwa kwenye Cobra? California inaweka kikomo cha desibeli 95. Weka vizuia sauti vya kweli.

Florida ni tofauti kama mchana na usiku. Hakuna kipimo cha moshi wala ukaguzi wa kila mwaka. Sheria yake inatambua maneno haya kila moja kwa maana yake: gari la seti, replika, na gari lililounganishwa kwa vipuri. Neno linalokuhusu litaandikwa kwenye hati na kubaki hapo milele, kwa hiyo hakikisha karani ameweka sahihi. Unajaza maombi ya hati, fomu HSMV 82040, na tamko la mjenzi, fomu HSMV 84490, unaambatisha cheti cha asili na risiti, kisha gari linakaguliwa na afisa wa ofisi ya mkoa. Ofisi ya kawaida ya kulipia namba haitoshi.

Pennsylvania inataka gari likaguliwe kwenye kituo chenye kibali cha ukaguzi wa ngazi ya juu. Gereji ya kona inayokagua magari ya kawaida haina mamlaka hayo. Fomu ni MV-426B na huambatana na picha. Tafuta kituo chenye fundi aliyewahi kukagua gari la kujiundia, hata kama ni mwendo wa saa mbili. Fundi mgeni na kazi hii hukataa kwa woga, na huwezi kumlaumu, kwa sababu ndiye anayeweka saini.

Washington, jimbo la Seattle, hupeleka magari haya kwa polisi wa jimbo, WSP, kwa miadi. Wanataka kuona risiti za vipuri vikubwa, na idara ya leseni inaangalia kodi kwa makini kuliko majimbo mengi. Kipimo cha moshi kilifutwa huko tangu Januari 2020. Ohio nayo huita gari hili "lililoundwa na mwenyewe": unalipia ukaguzi kwanza, unapewa risiti, ndipo unapanga siku na Highway Patrol, askari wa barabara kuu wa jimbo. Texas imefuta ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa magari binafsi tangu Januari 2025, lakini kaunti zenye kipimo cha moshi zimebaki nacho, na gari la kujiundia bado lina ukaguzi wake wa kupata hati.

Kama jimbo lako halimo humu, ingia tovuti ya idara yake ya magari, utafute kifungu cha magari yaliyoundwa kwa namna ya pekee, na usome sheria yenyewe. Muhtasari wa watu uuache.

Usihame njia kwa kusikia uvumi. Vermont ilikuwa ikisajili magari ya zamani ya wakazi wa majimbo mengine kwa hati ya mauziano tu. Mlango huo ulifungwa 2023. Montana haina kodi ya mauzo, ndiyo maana watu hufungua kampuni ya karatasi huko na kusajili gari kwa jina lake. Ukiishi California na gari likilala California, jimbo lako lina haki ya kukudai kodi na faini, na bima yaweza kukuruka siku ya ajali.

Hatua ya tano: gari lenyewe lipite

Mkaguzi ana macho ya haraka. Anaangalia kioo cha mbele kama kina alama ya AS1 ya kioo salama, matairi, taa na mipira ya breki kama vina alama ya DOT ya wizara ya uchukuzi, na mikanda. Hivi ni vipuri vinavyobanwa na viwango vya serikali kuu hata kama gari zima halibanwi. Seti nyingine huja na taa nzuri za mapambo zisizo na alama. Zibadilishe kabla ya siku. Indiketa, taa za breki, taa ya rivasi inapodaiwa, honi, vaipa, kioo cha nyuma na cha pembeni, breki ya mkono inayoshika kweli. Mafuta yasivuje hata tone.

Halafu namba. Namba ya fremu iwe safi, isiyofunikwa na rangi nzito wala zulia, na ya injini ifikike kwa tochi. Nimeona mtu akilazimika kufungua bomba la moshi kwenye uwanja wa ukaguzi, jua la saa nane, ili afisa asome namba kwenye bloku.

Gari lipeleke kwa trela. Majimbo kadhaa hutoa kibali cha muda cha kuliendesha. Cha Washington hudumu siku tatu. Lakini kuendesha gari jipya lisilojaribiwa, lenye breki ulizofunga mwenyewe, kwenye barabara kuu kwa mara ya kwanza siku ya miadi ni kujitafutia balaa.

Hatua ya sita: baada ya hati

Hati ikifika, isome herufi kwa herufi ukilinganisha na bamba la namba kwenye gari. Kosa la herufi moja lirekebishwe wiki hiyo hiyo; ukisubiri hadi siku ya kuuza, utaanza ukaguzi upya.

Bima ichukue ya thamani mliyokubaliana, kutoka kwa kampuni inayohudumia wapenzi wa magari ya namna hii. Bima ya kawaida itaangalia mwaka 1965 au neno "limeunganishwa" na kukulipa pesa ya chuma chakavu. Wape picha na jumla ya risiti zako.

Ukihamia jimbo jingine, chukua kasha lote la karatasi. Jimbo jipya kwa kawaida huheshimu hati ya jimbo la zamani, ila California hudai gari lipite njia yake ya moshi bila kujali ulikotoka.

Na kwa wale wanaoota kulisafirisha nyumbani: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na usukani lazima uwe kulia. Cobra iliyoandikwa 1965 yenye usukani wa kushoto itakwama bandarini Mombasa. Mwenye nia hiyo aulize kwanza kule inakokwenda, na kama umbo ndilo analolitaka, Superformance na Backdraft zinaundwa kwenye nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Aanze mazungumzo na Gqeberha au Durban.